Mheshimiwa kajifungua, na mayai ya Pasaka ya mwakani tusiyafute

Mhariri, mbukwenyi hapo ofisini, na wasomaji wote popote mlipo.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua yangu ni ndefu ila naomba msiikate katikati maana mkiikata mtu hataelewa kwa nini watu wazima wa mtaa mmoja hapa Dodoma wamenuniana wiki nzima kwa ajili ya sungura. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, nakaa Nkuhungu, na haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, isipokuwa ile sehemu ya usiku ambayo nimekuja kuambiwa baadaye na mhusika mwenyewe.

Mtaani kwetu tuna grupu, lilianza kwenye simu tu, la kuambizana maji yametoka jazeni ndoo, baadaye likawa la kuchangiana misiba na harusi na mtoto wa fulani kalazwa. Wengine tulikuwa tunajuana kwa picha za kwenye simu tu, unakutana na mtu dukani humsalimii kumbe ndo yule anayetuma "amina" kila siku saa kumi na moja alfajiri. Sasa mwaka huu Pasaka imeangukia tarehe 5 Aprili, Jumatatu yake sikukuu, Jumanne tarehe 7 Karume Day, siku za mapumziko zimefuatana, ndo mama mwenyekiti akasema jamani safari hii tuonane ana kwa ana, tulete na watoto, tukutane uani kwa bwana mifugo maana ndo kwenye nafasi na ana ule mzabibu uliotambaa kwenye chanja unatoa kivuli kizuri.

Wazo la mayai lilitoka kwa dada mmoja anayeuza chipsi pale kona. Kabla hajarudi huku alifanya kazi za ndani miaka minne Dar kwa familia ya Wajerumani, na anasema wale kila Pasaka walikuwa wanachemsha mayai, wanayapaka rangi, wanayaficha bustanini kwenye majani, halafu wanawaambia watoto sungura kapita usiku kawaachia, nendeni mkatafute. Alivyotuelezea ilikuwa tumekaa na watoto wanasikia. Basi hapo ikawa imekwisha, huwezi kumwambia mtoto sungura analeta mayai halafu kesho yake umwambie tumeahirisha, hasa kama sungura mwenyewe wanamjua na wana jina lake.

Maana sungura tulikuwa naye. Bwana mifugo alimnunua mwaka jana, mkubwa, mweupe, sikio moja lina doa jeusi, aliuziwa kwa maelezo kwamba ni dume. Watoto walimpa jina la Mheshimiwa kwa sababu ana tabia ya kukaa wima kwa miguu ya nyuma anamwangalia kila anayeingia getini mpaka apite. Hamna mtoto mtaani asiyemletea Mheshimiwa matembele.

Kwenye rangi tulihangaika kidogo ila ilikuwa raha. Mayai ya kisasa hayafai, ganda lake ni la kahawia rangi haishiki vizuri, kwa hiyo tukapita nyumba kwa nyumba kukusanya ya kienyeji yaliyo meupe mpaka trei ikajaa, mayai thelathini. Aliyetuongoza kazi yote ni jirani yetu Mwislamu anayepika kaimati, yeye Idi yake ilikuwa imepita wiki kama mbili tu nyuma, akasema nyie mlikula kaimati zangu sasa leteni mayai yenu niwasaidie. Kumi tukayachemsha na maganda ya vitunguu yakatoka rangi ya udongo mwekundu, yaani kama udongo wetu wa huku ulivyo mvua ikinyesha. Kumi na manjano. Kumi tukayalaza kwenye choya. Nilidhani choya itatoa yai jekundu kama juisi yake, kumbe ikatoa zambarau inayokaribia bluu, na kwa sababu choya ni chachu ganda likawa linatoa mapovu madogo madogo na ukilipitishia kidole linakwaruza. Watoto wale kumi ndo waliyapenda kuliko yote.

Jumapili jioni mayai yote thelathini tukayapanga kwenye kapu la ukindu lenye nyasi kavu, tukalitandika vizuri, tukaliweka stoo ya bwana mifugo chini kwa chini. Stoo hiyo hiyo ndo alikuwa analala Mheshimiwa kwa muda maana banda lake lilikuwa linavuja, mvua za mwisho mwisho hizi. Tukamwomba kijana wa bodaboda aliyepanga chumba cha uani aangalie mlango, tukaenda kulala.

Jumatatu saa moja asubuhi watoto kumi na nne wako getini. Tulikuwa tumekubaliana wakubwa tuwahi kuyaficha kwenye majani ya mzabibu na mashina ya migomba, ila watoto wametuwahi, na bwana mifugo bila kujua akafungua mlango wa stoo na watoto wako nyuma yake wanamsukuma.

Nitaeleza nilichokiona. Kapu lilikuwa pale pale tulipoliweka. Mayai yamesukumwa yamepakana pembeni mwa kapu kama mtu kayapanga, na katikati pana rundo la manyoya meupe kama pamba iliyochambuliwa, na lile rundo lilikuwa linapumua. Linapanda, linashuka. Bwana mifugo akachutama akafunua kwa kidole kimoja. Chini yake kulikuwa na vitoto, vya waridi, havina nywele hata moja, macho yamefumba, masikio yamelala yamebana kichwani, kila kimoja kama kidole gumba cha mtu mzima. Mheshimiwa alikuwa kona ya stoo anatafuna nyasi, kifua chake kimenyonyoka, kipara kabisa.

Hakuna aliyesema kitu. Halafu mwanafunzi wangu mmoja, binti mdogo sana lakini ana akili ya hesabu, akaanza kuhesabu vitoto kwa sauti, vikafika sita. Kaka yake akahesabu mayai, yakafika ishirini na nne. Binti akanigeukia, "Mwalimu, thelathini toa ishirini na nne unabaki na sita." Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi sita yameshaanguliwa."

Mhariri, nimefundisha kutoa miaka mingi na sijawahi kuona swali la kutoa lililokaa sawasawa namna ile.

Bwana mifugo akasimama. Huyu ni mzee wetu mstaafu, maisha yake yote kaishi na ng'ombe, ukimletea ndama anakwambia mama yake alikuwa na shida gani, tunamheshimu sana. Akaanza kuwaelewesha watoto taratibu kwamba sungura hatagi, sungura anazaa kama mbuzi, mimba yake ni siku thelathini na moja hivi, na akikaribia kuzaa jike hujinyonyoa manyoya ya kifuani na tumboni awatandikie watoto maana wanazaliwa uchi. Yote hayo ni kweli tupu. Mtoto mmoja akanyoosha mkono kama yuko darasani, "Lakini babu ulisema Mheshimiwa ni dume."

Mzee akanyamaza. Na kweli kwa sungura kosa hilo ni la kawaida sana, wakiwa wadogo dume na jike wanafanana mpaka uwe na jicho la hiyo kazi, na ukishaambiwa sokoni huyu ni dume huna sababu ya kumgeuza tena. Ila mama mwenyekiti ni mtu wa tarehe, ndo anayetunza daftari la michango, akaanza kurudi nyuma kwa vidole, tarehe 6 Aprili ukirudi siku thelathini na moja unafika tarehe 6 Machi, akamuuliza, baba, si mwanzoni mwa Machi uliposema banda limeanza kuvuja ukampeleka Mheshimiwa kwa jamaa yako mwenye yule sungura wa kijivu? Mzee akasema ndiyo, walikaa siku tatu, nikamtoa maana niliambiwa wanagombana sana.

Watu wazima tulicheka mpaka mama wa kaimati akakaa chini. Watoto hawakucheka, wao walikuwa na jambo la haraka zaidi, yamebaki mayai ishirini na nne na kwa hesabu zao yote yana sungura ndani.

Kwa hiyo lile tafuta-mayai halikufanyika. Walikataa katakata mayai yasifichwe nje yatapata baridi. Ukimwambia mtoto hebu tumenye moja tule anakuangalia kama umemwambia tuchinje mtoto wa jirani. Mama wa kaimati ana kuku wake alikuwa anaatamia, watoto wakaenda kumwomba, na yule kuku sijui alifikiria nini ila alipokea mayai kumi na mbili ya manjano na zambarau, akayageuza kwa mdomo moja moja akayaweka chini ya tumbo, akafunika, akatulia. Mengine watoto waligawana. Mwanafunzi wangu yule wa hesabu alichukua yai la choya akaliviringisha kwenye kitambaa akaliingiza kwenye mkono wa sweta, akala pilau kwa mkono mmoja siku nzima.

Shida imeanza jioni yake kwenye grupu. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu na ndiye aliyenisomea sala msiba wa mama yangu, aliandika maneno makali kwamba tumewafundisha watoto uongo siku ya Ufufuo, mtoto aende nyumbani aseme Pasaka ni sungura kutoka kwenye yai na Bwana Yesu asimtaje, na akatukumbusha kwamba kwenye Mambo ya Walawi sura ya 11 sungura ametajwa miongoni mwa wanyama najisi kwa sababu anacheua ila hana kwato. Bwana mifugo hakuweza kujizuia akaandika kwamba sungura hacheui kama ng'ombe, hana yale matumbo manne, anachofanya ni kula tena kile kinyesi chake laini cha usiku ili chakula kipite tumboni mara ya pili, ndo maana ukimwangalia mdomo unacheza muda wote. Maelezo mazuri lakini kuyatuma saa mbili usiku watu wanakula haikusaidia. Mwingine naye akaforwadi ujumbe mrefu kwamba sungura wa Pasaka ni wa mungu wa kike wa kipagani na neno lenyewe la Kiingereza la sikukuu ni jina lake. Watu wawili wakajitoa. Mama mwenyekiti akaandika "naomba tufunge mjadala, na mwakani mambo ya mayai yasiwepo," na watu wengi wakaweka dole gumba.

Mimi sikuweka dole gumba na ndo sababu ya barua hii.

Nimekaa siku kadhaa nikasoma niwezavyo ili nisibishe kwa hasira. Huyo mungu wa kike ametajwa na mtawa mmoja wa Uingereza, Bede, kwenye kitabu chake cha hesabu za nyakati cha mwaka 725, anataja jina na mwezi wake basi, sungura hayumo wala yai halimo. Na halafu sisi hata hilo jina la Kiingereza halituhusu, sisi tunasema Pasaka, neno linalotokana na Pesach la Waebrania, sikukuu ile ile ya kutoka Misri, na tarehe yake inafuata mwezi mpaka leo, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia tarehe 21 Machi. Mwaka huu mwezi ulijaa tarehe 2 Aprili na Jumapili iliyofuata ni tarehe 5, hata watoto wanaweza kuiona hiyo wakitoka nje usiku.

Mayai yenyewe yana historia ya kikristo kabisa. Zamani huko Ulaya kanisa lilikataza kula mayai siku zote za Kwaresima, lakini kuku hajui Kwaresima, yeye anaendelea kutaga, kwa hiyo Pasaka ikifika kila nyumba ina mayai yamejaa, ndo yakawa chakula na zawadi ya sikukuu. Sungura kaja baadaye. Kuna daktari Mjerumani, Georg Franck von Franckenau, mwaka 1682 aliandika kwamba kwenye sehemu za kwao na Alsace watu wanawaambia watoto kuna sungura anataga mayai ya Pasaka na kuyaficha kwenye nyasi za bustani. Karne iliyofuata Wajerumani waliohamia Pennsylvania huko Marekani wakaenda nayo, watoto wao wakawa wanatengeneza viota kwa kofia zao sungura aje atagie humo. Na sio kila mahali ni sungura. Ufaransa watoto wanaambiwa ni kengele za kanisa zimerudi kutoka Roma zinadondosha mayai njiani, na Australia ambako sungura walioachiwa mwaka 1859 walizaliana mpaka wakala nchi, siku hizi wapo wanaompenda zaidi bilby, mnyama wao mdogo wa masikio marefu, ndo awe wa Pasaka. Kwa hiyo kila watu wamechukua mnyama wanayemjua wakamtuma.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba yule wa Wajerumani hakuwa sungura wa kufugwa, ni sungura wa porini, huyu ambaye hachimbi shimo, analala kwenye kijibonde cha nyasi juu ya ardhi. Na kuna ndege wa huko anayetagia chini mbugani, kwenye vibonde kama hivyo hivyo. Mtu anatembea, sungura anachomoka miguuni pake anakimbia, anainama pale alipotoka anakuta mayai. Wengi wanasema huenda hadithi ilianzia hapo.

Niliposimulia hiyo barazani, babu mmoja aliyekulia Mvumi, mtu ambaye kwenye grupu hajawahi kuandika hata neno, akacheka akasema hiyo mbona ni ya kwetu. Anasema akiwa mdogo anachunga, mwezi wa tatu nyasi zimepanda, walikuwa wanamfukuza sungura anachomoka kwenye kichaka na wanakuta mayai ya kanga kumi, kumi na tano, yamefukiwa kwenye majani, na mkubwa wao alikuwa anawaambia wadogo haya ni ya sungura msiyaguse atawaloga, ili ayale peke yake. Miaka zaidi ya sitini imepita na bado anamlaumu huyo kaka. Halafu usiku ule ule akawakusanya watoto akawapa Sungura na Fisi, zile za kwetu, Sungura yule yule mjanja ambaye sote tumelelewa naye, na kati ya wazazi wote waliolalamika kuhusu uongo hakuna aliyesimama akasema babu acha kuwadanganya watoto, fisi haongei.

Hilo ndo swali langu kwa wenzangu. Mtoto anajua tofauti, ukimpa nafasi. Anajua Fisi wa babu ni wa hadithi, na fisi anayelia usiku huko nje ya mji ni wa kweli na anang'ata. Anajua kanisani tunaambiwa nini na kwa nini tunaimba siku ile. Kinachomchanganya ni kufokewa. Mtoto kaja na hesabu yake ya thelathini toa ishirini na nne, hesabu ni sahihi, macho yake yameona vitoto sita, sasa ukimwambia "nyamaza, hayo ni ya kipagani," umemjibu nini?

Mimi nilifanya hivi. Jumamosi yake niliwaita wote uani, nikaja na bakuli. Nikamwomba yule mwanafunzi wangu yai lake la kwenye sweta. Siku tano kwenye mkono wa sweta kwa joto la hapa kwetu, mhariri, hata kabla ya kulipasua lilikuwa limeshaanza kusema lenyewe. Hakutaka kunipa. Nikamwambia tutalipasua pamoja na mkono wake uwe juu ya wangu, kama kuna sungura tutamlea, kama hakuna tutajua. Tukapasua. Ute mgumu umeshikwa na uteleziteleze, kiini kimezungukwa na utepe wa kijani, harufu ile. Akaangalia muda mrefu. Hakulia. Akasema, "Hili lilipikwa." Nikamwambia ndiyo lilipikwa, yote yalipikwa. Akakaa kidogo akauliza swali ambalo nilijua linakuja, "Sasa yale sita yako wapi?"

Hapo ndo kijana wa bodaboda alipoamka kwenye benchi.

Kumbe usiku ule alirudi saa sita hajala, mvua imempiga kutoka Makole mpaka kwetu, akaingia stoo kuangalia usalama kama alivyoagizwa, akaona mayai yamechemshwa tayari. Akala sita, na chumvi na pilipili ya kwenye karatasi, maganda akayatia mfukoni mwa koti la mvua. Anasema Mheshimiwa alikuwa anazunguka zunguka kapu amebeba nyasi mdomoni, yeye akajua naye ana njaa. Akaondoka. Asubuhi alipoona vitoto vimetoka sita na mayai yamepungua sita alishindwa aseme nini, na kila siku ikizidi kupita inakuwa ngumu zaidi, akawa anapita njia ya nyuma akitoka na pikipiki. Alitoa yale maganda mfukoni pale pale, rangi ya udongo na ya manjano, yamevunjika vunjika. Ya choya hakugusa, anasema yalimtisha.

Watoto walimsikiliza mpaka mwisho. Halafu wakakaa pembeni wao wenyewe kujadili, sisi tumeachwa, wakarudi na hukumu kwamba atalipa mayai sita mabichi na atawapandisha bodaboda mmoja mmoja mpaka kona na kurudi. Amelipa yote. Na yule kuku wa mama wa kaimati tulimwondolea yale kumi na mbili ya kupikwa tukamwekea mabichi, yale sita ya faini yakiwemo, hakulalamika.

Sasa niambieni, kwa wiki ile moja watoto hawa wamejifunza nini na wamepoteza nini? Kuna mmoja alikuwa amekasirika kwamba Mheshimiwa ni mama mbaya hakai na wanawe, bwana mifugo akamwelewesha kwamba sungura ananyonyesha mara moja tu kwa siku kama kawaida, dakika chache, halafu anakaa mbali ili asionyeshe adui kiota kilipo. Hakuamini. Basi wakaja sita hao saa kumi na moja alfajiri na yule baba wa "amina" ndo amewasindikiza kwa tochi, wakajibanza dirishani, na wakamwona Mheshimiwa anaruka ndani ya kapu, anasimama juu ya wanawe, vitoto vimelala chali vinanyonya, kidogo tu, akaruka akatoka akaenda zake. Walirudi nyumbani wananong'ona barabara nzima. Tarehe 16 macho yakafunguka, wakanijia darasani wanne kwa mpigo kuniambia.

Ndo maana namwomba mama mwenyekiti wetu, na wazazi wengine wa Dodoma wanaowaza kama yeye, tusifute. Mwakani Pasaka ni tarehe 28 Machi, mayai tuyachemshe mbele ya watoto wenyewe wayaone yanavyoiva, wapake rangi kwa mikono yao, kanisani waende kwanza na wasimuliwe Ufufuo kama unavyostahili kusimuliwa, halafu uani wasimuliwe na hadithi ya sungura kama hadithi, babu wa Mvumi atie na kanga zake humo. Na wale wawili waliojitoa warudi, mtaa wetu ni mdogo na maji yakitoka nani atawaambia.

Wale vitoto sita sasa wana manyoya, wanne weupe wawili wa kijivu kama baba yao. Watu wanamuuliza bwana mifugo yupi dume yupi jike ili wajigawie, anasema waulize baada ya miezi mitatu. Na watoto wameshakaa kikao chao kuhusu mlinzi wa kapu mwakani, kijana wa bodaboda hakupata hata kura moja, wamemchagua mzee wa kanisa. Hajawajibu bado. Ila Jumapili iliyopita alipotoka ibadani alipita uani kwa bwana mifugo, na Biblia kwapani na fungu la matembele mkononi, akachutama pale bandani akawa anamlisha Mheshimiwa jani moja moja mpaka fungu likaisha.

Wenu,
Mwalimu wa darasa la pili,
Nkuhungu, Dodoma.